Pete za vitunguu zilizofia kwenye hotipoti: kisa cha kicheni pati ya Makorora

Naanza na mwisho wake ili tuelewane nazungumzia nini. Saa kumi na moja na robo jioni, Makorora hapa Tanga, uwani kwa wifi yangu, turubai limefungwa toka asubuhi, kina mama wa upande wa bwana harusi wameshakaa na madera yao ya sare, na hotipoti tatu kubwa ziko mezani. Wifi anafungua ya kwanza. Mfuniko kwa ndani unachuruzika maji kama kioo cha daladala siku ya masika, na zile pete za vitunguu, vile vya kukatwa mviringo vikavikwa unga na kukaangwa, ambazo saa sita mchana mie mwenyewe nilizionja zikavunjika mdomoni kwa mlio, zimelala, zimeshikana, zimekuwa na rangi ya maandazi ya jana. Mama mmoja mwenye heshima zake akachukua moja akaing'ata, kitunguu kikachomoka chote kama uzi kikamning'inia kidevuni, unga ukabaki mkononi mtupu kama soksi. Hakusema kitu. Akaiweka pembeni ya sahani akachukua sambusa.

Sambusa ziliisha, kachori ziliisha, mishkaki ndo usiseme. Pete tulizokaanga kama 200 hivi, hesabu yake watu 50 kila mtu tatu au nne, zikarudi jikoni karibu zote.

Sasa usiku ule tunaosha vyombo kila mtu alikuwa na mchawi wake. Binti wa kaka yangu, mdogo wake bibi harusi, ambaye ndiye aliyeziona kwenye simu akatuahidi kwamba tutawafunika watu midomo, akasema "Shangazi, ule unga haukuwa mzuri, umekaa dukani muda mrefu." Wifi akasema hapana, ni vitunguu vya siku hizi, vimejaa maji. Jirani aliyekuja kusaidia akasema beking pauda ilipungua. Mie nikasema mafuta, na nikasema kwa uhakika kabisa, unajua ile sauti ya mtu aliyekaanga sambusa miaka ishirini. Bi mkubwa, mama yangu mimi, amekaa zake kwenye mkeka anachambua mchele wa kesho, akauliza bila kuinua kichwa, "Mlizifunika za moto?" Hakuna aliyemjibu. Si kwa dharau, ni vile tulikuwa tunabishana.

Jumatatu yake nikakaa nikalifikiria hili jambo taratibu toka mwanzo, tena nikanunua vitunguu pale Mgandini nikakaanga upya peke yangu, maana nina oda zangu za vitafunwa na sitaki aibu ile inifuate. Nililolipata ni kwamba tulikuwa na matatizo mawili tofauti na sie tulikuwa tunayaita moja. Kuna lile la unga kuvuka kama soksi, na kuna lile la kulainika. Hayana mama mmoja.

Nianze na soksi.

Kitunguu kibichi karibu asilimia 89 ni maji. Kwa hiyo wifi hakukosea aliposema vimejaa maji, ila havijaanza leo, na maji hayo ndiyo yanayokifanya kiwe kitamu kikiiva. Kinachoharibu ni maji yanapokuwa nje ya kitunguu, yaani juu ya ngozi yake, kabla hujakitia kwenye unga. Na hapo nikamuuliza binti, mwanangu hebu niambie hatua kwa hatua ulivifanyaje? Akanieleza: nilivikata pete, nikavitia chumvi nikavifikicha kidogo, nikaviosha, nikavichuja, nikavitia kwenye mtindi, halafu kwenye unga. Nikamwambia simama hapo hapo. Chumvi ya nini? Akanishangaa kabisa, "Shangazi si ndo tunavyoviosha vya kachumbari, visiwe vikali?"

Hapo sikuweza hata kumlaumu. Mtoto wa Tanga umemfundisha toka ana miaka kumi kwamba kitunguu kabla hakijaliwa kinafikichwa na chumvi kinakamuliwa, halafu anakutana na pishi ambalo video yake imetengenezwa na mtu ambaye hajawahi kufikicha kitunguu maishani mwake, kwa hiyo kwenye video hakuna aliyesema "usitie chumvi" maana hakuna huko anayetia. Chumvi inavuta maji kutoka ndani ya kitunguu kuja nje, ndiyo kazi yake kwenye kachumbari, tunataka kilegee. Kwenye pete unataka kinyume chake, kibaki kigumu na kikavu kwa nje. Hivi vyetu vilikuwa vimelegea, vimelowana, juu yake mtindi, juu yake unga mzito, na ndani ya mafuta yale maji yote yakageuka mvuke yakausukuma unga mbali na kitunguu. Ndo maana ukiing'ata unakuta pengo katikati.

Na kuna kitu cha pili ambacho hata mie nilikuwa sikijui mpaka nilipofanya mwenyewe. Kila pete upande wa ndani ina utando mwembamba kama nailoni, ukiukwaruza na kucha unatoka. Ule utando unateleza, unga haushiki pale. Ukiubakisha, unga unashika upande wa nje tu na ndani unaelea. Kuutoa kwenye pete 200 ni kazi ya kukasirisha, nisikudanganye, lakini ukiwa na watoto wawili na stori nzuri inaenda, na vitunguu vikikaa kwenye maji ya barafu nusu saa unatoka kirahisi zaidi, tena maji hayo hayo yanapunguza ule ukali wa vitunguu vyetu vyekundu bila chumvi. Ila baada ya hapo vikaushwe. Vikaushwe kweli kweli, kwa taulo safi la jikoni, upande huu na upande huu, halafu vipakwe unga mkavu kwanza, unaukung'uta uliozidi, ndo viingie kwenye unga wa maji. Ule unga mkavu ndio gundi. Binti aliuruka kwa sababu aliona ni kuchafua sahani nyingine.

Kuhusu unene, vyake vilikuwa vyembamba mno, kama vya pilau. Kata kama sentimita moja, kitunguu kikubwa, kile cha Mang'ola au cha Same cha ukubwa wa ngumi ya mwanaume, kinakupa vipande vinne au vitano na kila kipande pete tatu au nne nzuri, vile vidogo vya katikati weka vya mchuzi. Ikiwa nyembamba sana kitunguu kinayeyuka kabla unga haujakauka, na kikiyeyuka ndo unapata ule uzi wa kidevuni.

Sasa kulainika. Hapa ndo nilipotaka kuwa na haki kuhusu mafuta na nikaikosa nusu.

Mafuta tuliyotumia ni ya alizeti, yale ya kukamua yanayoletwa kwa madumu kutoka Singida, matamu sana kwenye mboga. Lakini hayajasafishwa, kwa hiyo yanatoa povu na yanaanza moshi mapema kuliko yaliyosafishwa. Binti kila akiona moshi anapunguza moto. Moshi unamwambia yamechemka, kumbe kwa pete hizi bado, zinataka kama nyuzi 180 hivi. Ikiwa chini sana ya hapo unga haukauki haraka, mafuta yanaingia, unatoa kitu cha rangi nzuri lakini ukikibonyeza kinatoka mafuta. Juu ya hilo, alikuwa anaogopa muda, wageni wanakuja, akawa anajaza karai pete kumi na tano kumi na sita kwa mkupuo, na kila kitu cha baridi unachotumbukiza kinayashusha mafuta, na jiko la mkaa halirudishi moto haraka hata upepee vipi.

Nilijuaje? Hotipoti. Zilikuwa tatu na zilijazwa kwa mpangilio, ya kwanza ina zile za mwanzo na ya tatu ina za mwisho, na usiku ule nilipozimwaga ya tatu ilikuwa na mafuta yametuama chini kama robo kikombe na ya kwanza haina. Kwa hiyo za mwanzo zilikaangwa vizuri, za mwisho zilichemshwa kwenye mafuta. Na mie nilionja ipi? Ya mwanzo kabisa, karai lina pete tano tu, nikasema "mashallah" nikaenda zangu kukunja sambusa. Hakuna mtu aliyeonja tena mpaka saa kumi na moja.

Lakini angalieni, na hapa ndo nilipokwama na nadharia yangu ya mafuta, hata za hotipoti ya kwanza, zilizokaangwa vizuri, zisizo na mafuta chini, nazo zilikuwa laini. Laini vile vile. Mafuta hayawezi kuwa mchawi wa zile. Unga haukuweza kuwa mchawi kwa sababu unga ule ule saa sita ulikuwa krispi mdomoni mwangu. Beking pauda ile ile. Vitunguu vile vile. Kilichobadilika kati ya saa sita na saa kumi na moja ni kwamba zilifunikwa. Na aliyesema zifunikwe, jamani, ni mie. Nakumbuka na maneno yenyewe, "mwanangu zitie kwenye hotipoti zisipoe."

Kwa hiyo Jumatatu nikafanya hivi. Vitunguu vinne, unga mmoja, mafuta mamoja yaliyosafishwa safari hii, moto wa gesi. Nikazigawa mafungu manne. La kwanza kwenye hotipoti nikafunika. La pili kwenye sahani yenye gazeti, zimerundikana, kama tunavyofanya sote. La tatu juu ya waya wa oveni, zimetandazwa, chini kuna hewa. La nne nikazitandaza kwenye ungo nikazifunikia kawa la bi mkubwa, lile la ukindu, nzi wasiguse. Nikaenda kuswali, nikarudi, zimepita kama dakika ishirini.

Za hotipoti zimeshakufa. Dakika ishirini tu, nimefungua maji yanadondoka kutoka kwenye mfuniko. Za gazeti, zile za juu nzuri, za chini zilizolala kwenye karatasi zimelowa upande mmoja, maana mvuke unaotoka chini unagonga karatasi unarudi. Na kwa njia, gazeti tuache, ule wino unahamia kwenye chakula, tumieni karatasi nyeupe isiyoandikwa. Za kwenye waya nzuri sana. Za kwenye kawa nzuri, nasema ukweli sikuona tofauti na za kwenye waya, maana kawa linapumua, mvuke unapita kwenye ukindu unaenda zake.

Sasa hebu fikiria. Kile kitunguu ndani bado kina maji mengi tu hata baada ya kuiva, na ni cha moto, kwa hiyo kinatoa mvuke hata kikiwa nje ya karai. Gamba la nje ni kavu, na kitu kikavu kinanyonya unyevu popote ulipo. Ukikiachia nafasi mvuke unatoka. Ukikifunga kwenye chombo ambacho kimetengenezwa makusudi kisipitishe kitu, mvuke unapanda, unagonga mfuniko, unakuwa maji, unadondoka. Hotipoti ni kifaa kizuri cha wali. Kwa pilau unataka kabisa ule mvuke ubaki. Lakini kitu chochote ambacho sifa yake ni ukavu, ukikitia humo unakipika mara ya pili, kwa mvuke, unakirudisha kuwa andazi.

Halafu nikakumbuka vitunguu vya biriani. Bi mkubwa anakaanga vitunguu vya biriani toka sijazaliwa, vinatoka kwenye mafuta bado vimelegea kidogo, anavitandaza kwenye karatasi mbali mbali, anavifunikia kawa, na ole wako uguse mpaka vipoe, vikishapoa ndo vinakuwa vikavu vya kuvunjika na mkono. Elimu yote hiyo ilikuwa nyumbani, amekaa nayo kwenye mkeka anachambua mchele, anatuuliza swali moja, na sie tunabishana kuhusu tarehe ya unga. Nikampelekea zile za kwenye kawa. Akala mbili. Akasema chumvi kidogo.

Unga nao niliujaribu, sio kwamba hauna mchango kabisa. Wa ngano mtupu unakuwa krispi kwa muda mfupi halafu unakuwa kama mpira, hasa ukiukoroga sana, maana ngano ina ile glutini, kadri unavyokoroga ndo inavyovutika, na hiyo unaitaka kwenye chapati sio hapa. Nikachanganya na unga wa mchele, ule ule tunaosagia vitumbua, hauna glutini na unakauka vizuri zaidi. Kanfulawa pia inafanya kazi hiyo hiyo ila mchele upo kila nyumba. Kipimo nilichokaa nacho kwa vitunguu vikubwa vinne ni kikombe kimoja cha ngano, nusu kikombe cha mchele, kijiko cha chai kimoja cha beking pauda, nusu kijiko cha chumvi, pilipili manga, na maji ya soda ya baridi kabisa kutoka kwenye friji, kikombe kimoja na kidogo, yale yasiyo na sukari bila shaka, sio ya machungwa. Ule uzito ni wa kuvaa mgongo wa kijiko na kudondoka taratibu, mwepesi kuliko wa bajia. Koroga mara chache acha na vidonge vidonge, na utie maji mwishoni kabisa mafuta yakiwa tayari, gesi ya soda isiishe ukiwa unapiga simu. Wapo huko nje wanaotia pombe kali badala yake kwa kuwa inaruka upesi kuliko maji, sie haituhusu, soda inatosha.

Moto kama huna kipimajoto, na nani ana kipimajoto, dondosha tone la unga, likizama kidogo likapanda hapo hapo na povu pembeni ni sawa, likikaa chini ni baridi, likiwa jeusi kabla hujahesabu kumi punguza. Au kipande kidogo cha mkate wa boflo, kiwe cha dhahabu kama baada ya dakika moja. Pete tano sita kwa mkupuo, karai likiwa kubwa nane. Subiri moto urudi kabla ya awamu nyingine, hapo ndo uvumilivu unapohitajika.

Ila sasa niseme ukweli ambao watu hawapendi: hata ya kwenye kawa, hata ya mchele, baada ya saa moja hivi inaanza kulegea, hasa hapa kwetu pwani na huu unyevu, na ile siku ilikuwa masika mvua imenyesha asubuhi. Hakuna pete ya kitunguu itakayokaangwa saa sita ikaliwa saa kumi na moja ikiwa krispi. Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa la ratiba. Tulianza na pete kwa sababu zilikuwa mpya tuna hamu nazo, tukamaliza na sambusa, ilitakiwa iwe kinyume. Sambusa ganda lake ni kavu na mchuzi wa ndani umekaushwa, linavumilia.

Kama huwezi kusimama jikoni wageni wameshakaa basi kuna njia ya mara mbili. Asubuhi unakaanga moto wa kati, kama 165, dakika moja na nusu hivi, zitoke nyeupe nyeupe zimeshika tu, unazitandaza zipoe bila kufunika na chochote kinachobana. Wageni wakianza kupiga vigelegele unazirudisha kwenye mafuta ya moto zaidi, 185 au 190, nusu dakika mpaka dakika, zinapanda rangi na ule ukavu, chumvi ya juu unanyunyizia hapo hapo zikitoka. Nilifanya hivi wiki tatu baadaye kwenye akika ya mjukuu wa wifi huyo huyo, jiko la gesi nikaliweka uwani kabisa nyuma ya turubai, binti anakaanga mie nachukua natandaza, zinaenda mezani kwenye ungo kumi na tano kumi na tano. Yule mama wa kidevu alikuwepo, maana sasa ni mkwe. Alichukua moja akaiangalia kwanza, tena akaipinda na vidole kuona kama inavunjika. Ikavunjika. Akachukua nyingine tatu akazifunga kwenye tishu akatia kwenye pochi, nikaona nikanyamaza, ingawa kwenye pochi nako si sehemu ya kuzitia.

Kawa la bi mkubwa nimelirudisha lina doa la mafuta katikati kubwa kama sahani. Hajaniambia kitu mpaka leo, ila juzi nimemtuma mtoto akaniazimie tena, amerudi mikono mitupu.